Mikono Iliyoitika kwa Jina la Godelive

Bunia kuna dokta mmoja ambaye hakuulizi unaumwa wapi. Anakukamata mkono, anafunga macho, na vidole vyake vinaanza kutembea juu ya vyako polepole, kama mama anayechambua maharagwe gizani. Akimaliza anakuambia ulilima udongo wa namna gani, mtoto wako wa kwanza ulimbeba upande upi, na kwamba jana uligombana na mume wako, maana nguo ulizifua kwa hasira. Anayeona hapo kuna chumvi nyingi, aende akampe mkono wake mwenyewe.

Anaitwa Priscille. Ni dokta wa viungo: magoti, viwiko, mabega, vile vyote vinavyokunjika, vile vinavyolalamika mvua ikiwa bado iko mbali. Kwa kazi hiyo alisoma miaka mingi mpaka shangazi zake wakaanza kuuliza kama madarasa ya Kongo hayana mwisho.

Alizaliwa Marabo, mtoto wa mwanamke aliyeuza mihogo sokoni. Priscille akiwa bado na meno ya utoto, vidole vya mama yake vilivimba, halafu vikapinda, kila kimoja kikitafuta njia yake, mpaka mkono ukafanana na tangawizi iliyotoka kung'olewa. Majirani wakasema mtu amemroga kwa wivu wa soko. Mganga akaja na wembe, akamchanja kwenye vifundo vya mikono, akapaka unga mweusi. Chale zilipona vizuri sana. Vidole havikupona. Mama akawa hawezi kujifunga kitenge. Priscille ndiye aliyemfunga kila asubuhi kabla ya kukimbilia shule kwa masista, na kila asubuhi kifundo cha mama kililia: ka! Sauti ndogo, kama kijiti kikavu kikivunjwa.

Mama akafa. Sauti haikuzikwa naye.

Ilimfuata binti mpaka Kisangani alikosomea udaktari. Ikashuka naye mtoni mpaka Kinshasa, ndani ya boti lililojaa mbuzi na nyani wa kukaushwa, na katika kelele yote ile Priscille aliisikia. Watu wanaomjua wanasema hata siku ya mitihani, karatasi zikigawanywa, ka! chini ya meza. Ndiyo maana hakuchelewa kuchagua atabobea katika nini.

Jean-Claude, mwenzake wa darasa, mtu wa viatu vinavyong'aa, alicheka mpaka miwani ikaanguka.

"Priscille! Kwenu Ituri batu banakufa na malaria, banakufa na vita. Weye unataka kutibu magoti?"

"Na ile vita, Jean-Claude, batu banaikimbiaka na nini? Na masikio?"

Basi akawa dokta wa magoti, mmoja peke yake kwa nchi nzima inayoanzia ziwani na kuishia msituni. Utafiti wake wa kwanza aliufanya Mahagi-Port, juu ya mabega ya wavuvi. Aligundua kwamba mvuta nyavu ana mabega mawili yasiyolingana umri: la kuvutia ni la mzee, la pili ni la kijana. Kule alimpata muzee Julien, ambaye bega lake lilijua dhoruba kuliko redio. Wavuvi wengine hawakuingiza mitumbwi majini mpaka Julien avue shati na kulisikiliza. Baada ya hapo akaandika juu ya magoti ya wachimba dhahabu, na madaktari wa mbali wakasoma, wakamwandikia kumpongeza. Lakini hayo yote yalikuwa njia tu. Alikokuwa anakwenda ni kwenye mikono ya wanawake, ule ugonjwa wa mama yake.

Na mikono hiyo ilikuja yenyewe. Vita vya Djugu viliwamwaga watu Bunia, wakajaa katika kambi za wahami chini ya maturubai meupe. Kati yao Priscille alipata wanawake wengi wa vidole vya tangawizi. Akaomba kidonge kidogo cha manjano, kinachomezwa siku moja tu kwa juma, ambacho huzima ule moto ndani ya viungo. Wafadhili wakakubali kukileta kwa muda: wapewe ushahidi kwamba kinafaa kwa watu wa Ituri, kiendelee kuja, ushahidi usipokuwepo, kinakatika. Hapo ndipo maisha yake yote yalipowekwa, kuanzia kitenge cha mama.

Kupima kulikuwa rahisi. Ule mfuko wa mashine ya presha, badala ya kuuvika kwenye mkono, wanaujaza upepo kidogo na mgonjwa anauminya. Mshale unapanda kadiri ya nguvu zake. Jumatatu moja ya kila mwezi wagonjwa walikaa kwenye ubao mrefu barazani, muuguzi wake, infirmier Félicien, akaita majina, kila mmoja akaingia, akaminya.

Mgonjwa mbaya kuliko wote aliitwa Godelive. Siku ya kwanza alipouminya ule mfuko, mshale ulimwangalia tu, haukujisumbua. Na alipompa Dokta mkono wa kuaga, kifundo chake, chenye chale za mganga zilizokizunguka kama bangili, kikalia: ka!

Priscille aliketi. Félicien alidhani ni njaa, akamletea andazi.

Miezi michache baadaye Dokta aliitwa kwenye nchi ya baridi, huko ambako mate yanaganda kabla hayajagusa chini, akajifunze kutazama ndani ya kiungo kwa mashine ya ekografia. Akakaa mwaka mzima. Kazi alimwachia Félicien, mtu mwaminifu mwenye sauti ya tarumbeta, anayetazama mshale kuliko mikono na nyuso. Akiita jina mtaa wa Nyakasanza, wenye jina hilo wa mtaa wa Mudzipela wanageuka. Kila mwezi alipiga simu, na kila mwezi habari zilikuwa tamu zaidi.

"Dokta, Godelive anaminya sawa mwanaume wa kuchimba zahabu! Mushale unakaribia kutoka mu mashine!"

Priscille alilia kwa furaha, kichwa kwenye kioo cha dirisha. Usiku na mchana alitengeneza hotuba yake ya mkutano wa madaktari wa Kinshasa, na katikati ya hotuba alimweka Godelive, kama mtu anavyoweka taa katikati ya nyumba. Kwa mara ya kwanza tangu Marabo, ile sauti ilinyamaza.

Akarudi Bunia juma moja kabla ya mkutano. Ilikuwa Jumatatu ya kupima, mvua inanyesha, wanawake kwenye ubao wamejifunika vitenge mpaka puani. Félicien akavuta pumzi.

"Godelive!"

"Présente!"

Na nyuma ya ile "présente", ile "nipo" ya shuleni, ka!

Priscille alisimama kama mtu aliyemwagiwa maji. Mwanamke akaingia, kitenge kimemfunika uso nusu, akaweka mkono mezani. Dokta akaukamata, akafunga macho. Vidole vilikuwa vimenyooka. Furaha ilimpanda mpaka kooni, halafu ikasimama hapo hapo. Maana kidonge kinazima moto, hakinyooshi mfupa uliokwisha kupinda. Hakuna dokta asiyejua hilo, na yeye aliwafundisha wengine. Akapeleka kidole gumba kwenye kifundo, akatafuta chale. Akatafuta tena. Ngozi ilikuwa laini kama ya mtoto.

Akaubonyeza mkono huku na huku. Kimya. Kifundo hiki hakikujua kulia.

"Mama," akasema bila kufumbua macho, "huu mkono siujui. Weye ni nani?"

Mvua ikapiga mabati. Mwanamke akashusha kitenge.

"Niko Dorothée. Mudogo yake."

"Na Godelive iko wapi?"

Dorothée akatazama mlango, kana kwamba dada yake amesimama pale anamsubiri amalize.

"Dokta, ulimuponyesha. Usidanganye moyo yako, ulimuponyesha kabisa. Vidole byake vilibakia mu kupinda, lakini maumivu iliisha, nguvu ikarudia. Akashika jembe, akacheka sawa mutoto. Akasema, 'Siye tutakula unga ya kupewa mpaka lini, na shamba yangu ya Djugu iko na muhogo?' Akaenda."

"Na kisha?"

"Na kisha batu balituletea jembe."

Félicien aliyekuwa mlangoni akapata sauti yake, na yote ilitoka kwa mara moja. "Mama! Hii haiko distribution, haiko kugawa sabuni! Hii ni sayansi! Juu ya nini ulikuwa unaitika?"

"Papa Félicien, weye njo ulikuwa unaita na nguvu vile. Tungenyamaza namna gani?" Kisha akamgeukia Dokta, akaongea chini. "Kule kambini mutu akikufa na ukasema, jina yake banaifuta. Ikifutwa, ni sawa hakuzaliwaka. Siye tunaitikaka. Jina ikiitwa, mutu wa nyumba yake anaitika. Hatuachake jina isimame peke yake mu batu."

Tungenyamaza, alisema. Tunaitikaka. Priscille alisikia hayo maneno yakipita sikioni yakiwa ya wengi, si ya mtu mmoja. Akatoka barazani. Ubao ulikuwa umejaa mwisho hadi mwisho, na kwa mara ya kwanza aliogopa wagonjwa wake. Alijua viungo vyao kuliko nyuso zao.

"Nani mwingine?" akauliza.

Ni muzee Julien tu, aliyekuja kwa ajili ya bega lake, aliyeinua mkono.

"Miye niko mwenyewe, Dokta. Hata kifo ilikuya, ikaangalia hii bega, ikarudia ziwani."

Mmoja akacheka, akajuta. Dokta akaanza kupita. Akafunga macho, akakamata mkono baada ya mkono, mvua ikimlowesha mgongo. Huu anaujua. Huu anaujua, kidole cha kati kama ndoana. Huu hapana, huu ni wa msichana aliyevaa jina la mama yake. Huu ni wake mwenyewe, asante Mungu. Huu hapana. Na huu hapana. Kila mara mkono wa kigeni ulipolala katika wake, mwenye mkono alianza kulia taratibu, na nyuma yake, karibu na ukuta ambako hakuna aliyekaa, kikalia kifundo kimoja, halafu kingine, kila kimoja na sauti yake, na yeye alizitambua zote. Alipofika mwisho wa ubao alikuwa amepitia watu wengi kuliko waliokaa.

Félicien alimnong'oneza.

"Dokta, Kinshasa haijui. Ukisema, kidonge kinakatika. Hata kwa bale bazima."

Hilo lilimkalia kifuani ndani ya ndege mpaka Kinshasa. Katika ukumbi, Jean-Claude ndiye aliyekuwa anaongoza mkutano. Viatu vilikuwa bado vinang'aa, kichwa pia sasa. Priscille alisimama na hotuba yake nzuri mkononi. Akaufungua mdomo aanze na Godelive aliyepona, na mkono wa mtu ukagusa mgongo wake pale anapofungia kitenge. Ukakivuta, ukakikaza, kama anavyokazwa mtu asiyeweza kujifunga mwenyewe. Ka!

Akaiweka hotuba chini. Akawaambia yote: wanawake waliobaki na wale walioitikiwa, mshale uliopanda kwa mikono ya wengine, jembe lililorudi bila mtu. Akasema kidonge kinafaa, kwa maana mwanamke wa vidole vilivyopinda alishika jembe, na yeye hana namba ya kulionyesha jembe hilo.

Jean-Claude akavua miwani.

"Priscille, hii haiko matokeo. Hii ni matanga."

"Njo vile," akajibu. "Nilikuya kubaambia pole."

Hakupigiwa makofi. Lakini baada ya mkutano Jean-Claude alimkuta kwenye ngazi, akauliza ni mikono mingapi anayoweza kuiapia kwa macho yaliyofungwa. Akaitaja mmoja mmoja. Ilikuwa michache. Kidonge kinakuja kwa hiyo michache, na kazi imeanza upya kutoka chini, kama nyumba inavyojengwa tena baada ya wenyewe kurudi.

Na majina hayakufutwa. Jumatatu ya kupima, kabla ya wagonjwa, Félicien anayaita ya wale wengine kwanza, kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyejua anayo. Mtu wa nyumba anaitika, hapimwi, anapewa chai, anakwenda zake. Wageni wa kutoka mbali wanaokuja kutazama kazi ya Dokta Priscille wanadhani ni sala.

La Godelive linakuja mwisho. Dorothée anaitika. Mashine iko mezani, mfuko umejazwa upepo, hakuna anayeugusa, wala mlango haujafunguliwa. Félicien hugeuka kuangalia ukutani, hataki kuona, ana watoto wa kulea. Dokta ndiye anayebaki kutazama. Mfuko unabonyea katikati, polepole, mahali pa vidole vilivyopinda, na mshale unapanda, unapanda, unasimama pale ambapo mkono wa mtu aliyepona hufika.

Kalamu iko pembeni yake, na anaiona. Hajawahi kuishika aandike.