Maharagwe ya Shemeji

Mama Jiko hakuwa mpishi wa kusomea. Jiko alipewa kama wengine wanavyopewa fidia. Mumewe alikuwa fundi wa boila katika kiwanda kile kidogo cha bia, na boila ilipopasuka na kuwaka, walimzika akiwa amefungwa vitambaa mwili mzima, maana hapakuwa na uso wa kuaga. Baada ya matanga mwenye kiwanda alikuja na pole zake, akasema pale mbele, kwenye ukumbi wa kunywea, anatakiwa mtu wa kuchoma nyama. Mjane akakubali. Watu wakasema ana roho ngumu. Waliosema hivyo hawakuwa na watoto watatu wa kulisha, na mimi sina muda na watu wa namna hiyo.

Mimi nilikuwa kaunta, nikifungua koki na kujaza glasi. Ukumbi wetu ulitenganishwa na matangi kwa ukuta wa kioo, mteja anakunywa huku akiitazama bia inakotoka. Harufu ya kimea iliingia mpaka kwenye nywele. Nyuma ya kiwanda machicha ya kimea yalipakiwa kwenye lori kwenda kulisha ng'ombe, na ng'ombe wale wale, nasikia, walirudi kwetu wakiwa mbavu. Ubao wa chakula ulikuwa mfupi: mbavu, soseji, ini, mabawa ya kuku, chipsi. Chipsi zenyewe zilikaangwa kwenye mafuta ya soseji.

Nje, upande upepo unakotoka, palikuwa na benchi la Shemeji. Huyu alikuwa mdogo wake marehemu. Alikuwa naye kazini siku ile, na ndiye aliyeingia motoni kumtoa. Mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe, na yeye nusura aitimize methali hiyo. Mikono yake ilipona lakini ngozi ilibaki ikimeremeta, na kazi ya boila akaiacha. Kila siku alikuja kukaa pale, kwa sababu, alivyosema mwenyewe, hakuwa na pengine pa kumtembelea kaka yake. Kwa kuwa Mama Jiko alimwita shemeji, sisi wote tukamwita shemeji, mpaka meneja. Tulimtania kwamba kwa hesabu hiyo marehemu alioa mtaa mzima. Alicheka, huyo mtu. Alikuwa anacheka vizuri.

Lakini nyama hakuitia mdomoni tena. Hakuweka nadhiri, wala hakumhubiria mtu. Alisema tu kwamba harufu ya nyama motoni yeye anaijua ni ya nani. Basi pale kwetu, mahali pekee alipopapenda, hapakuwa na hata tonge moja la kumfaa. Akawa anakunywa kwa tumbo tupu. Nyumbani hakupika, hakuwa na mke wa kumkumbusha. Mama Jiko alimsihi, alimgombeza, akamletea mkate mkavu, naye akaumega kidogo kwa heshima na kuuacha. Mashavu yakabonyea. Macho yakaanza kuwa ya manjano, na hilo hata mlevi analijua maana yake.

Ndipo siku moja meneja akaingia jikoni na wazo lake.

"Mama Jiko, kuna wateja hawali nyama. Wanaingia, wanausoma ubao, wanakunywa moja, wanaondoka. Tuweke chakula cha mboga."

"Mboga ipi? Kwangu hata nyama ni mboga. Wali unaula na nini?"

"Mboga za majani, mama. Vitu vya shambani."

"Mtu atoke kwake aje baa kula majani? Kwani mbuzi huyo?"

"Basi tutaandika 'bila nyama'. Umeridhika?"

"Na kuku?"

"Kuku ni nyama."

"Tangu lini?"

Tulicheka sana, na meneja akakasirika, maana alikuwa kijana wa shati lililonyooshwa, kucheka alikuona hasara. Kisha Mama Jiko akageuka. Alikuwa anatazama nje kupitia dirisha la moshi, kwenye lile benchi.

"Kwa hiyo na Shemeji atakula," alisema.

"Atakula yeyote atakayelipa," alisema meneja. "Lakini sikiliza vizuri. Kwa hawa watu nyama ni mwiko. Na mwiko usichanganye, wana macho hao."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na hakuna aliyeona. Meneja alitamka miiko miwili kwa pumzi moja, na Mama Jiko akaondoka na mmoja tu, ule wa mti. Kesho yake alikuja na mwiko mpya, kaufunga kamba nyekundu mpinini, akaupigia msumari wake peke yake mbali na jiko la mbavu. Aliyeugusa kwa mkono wenye mafuta alipigwa nao. Meneja aliuona akasema vizuri sana, hivyo ndivyo.

Nami nikubali, alipika. Uyoga aliupaka kitunguu saumu akauweka juu ya makaa. Biringanya alizikata nyembamba akazikaanga kwa mafuta mapya. Viazi alivioka na maganda yake. Na maharagwe, ambayo wengine huyafanya chakula cha adhabu, yeye aliyaunga kwa nyanya na karoti mpaka yakawa mazito, na watu wa mbavu wakaanza kuyaagiza pembeni. Wateja wapya walikuja, wale wa baiskeli na miwani, wakasifu. Mama Jiko hakuwajali. Alikuwa akipakua sahani ya kwanza kabisa, ananipa, ananiambia, "Peleka nje."

Shemeji alikula. Mara ya kwanza aliinusa sahani kama paka, akachukua kijiko kimoja, akangoja. Kisha akala yote na kuifuta sahani kwa mkate. Mama Jiko alikuwa dirishani. Sijapata kumwona mtu akifurahi namna ile kwa kutazama mwenzake anatafuna. Tangu siku hiyo Shemeji akawa anakula kabla ya kunywa, na kunywa kwenyewe kukapungua, kwa sababu tumbo lililoshiba halina haraka ya bia. Mashavu yakarudi. Akaanza hata kunitafutia mchumba, na wachumba aliowataja wote walikuwa na kasoro.

Ingeishia hapo ningesema Mungu mkubwa. Lakini ini lilikwisha kuharibika. Alianguka uani, tukampeleka zahanati, na tabibu akasema damu ni kidogo, mgonjwa apewe vyakula vya nguvu. Neno hilo, nguvu, Mama Jiko alirudi nalo jikoni likimkereketa. Kwao alikokulia, nguvu ilikuwa kitu kimoja tu: supu ya mifupa. Mgonjwa akinywa supu anainuka, mzazi akinywa supu anainuka. Na pale jikoni kila asubuhi alichemsha mbavu ili zilainike kabla ya kuchomwa, na supu yake akaimwaga.

Akaacha kuimwaga. Aliichuja kwa kitambaa mara mbili, chembe ya nyama isipite, akaimimina kwenye kisufuria kidogo cha maharagwe, cha Shemeji peke yake, akakoroga kwa mwiko wenye kamba. Ya wateja hakuyagusa. Hakuona kwamba anamdanganya mtu. Nyama haikuingia, mwiko haukuchanganywa. Kama ni sheria, aliifuata yote kama alivyoisikia.

Sahani nilibeba mimi, na nilibeba bila kujua. Shemeji alikula siku kadhaa, akasema maharagwe yamezidi utamu. Kisha ikaja siku ya baridi. Alikuwa akiongea na dereva wa lori la machicha, maongezi yakanoga, chakula kikapoa mbele yake. Alipokigeukia, ukingoni mwa sahani palikuwa na utando mweupe. Mafuta ya mbegu hayagandi hivyo. Mtu aliyefanya kazi ya mashine anayajua mafuta. Aliukwangua utando kwa ukucha, akaunusa, halafu akaniomba nimwite shemeji yake.

Mama Jiko alitoka akijifuta mikono.

"Shemeji, umetia nini humu?"

"Supu tu. Ya kukupa nguvu. Nyama haimo, nimechuja. Hata mwiko ni ule wako."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipotoka zahanati."

Shemeji aliitazama mikono yake ile inayometameta. Hakupandisha sauti, na bora angepandisha.

"Nilimbeba kwa hii," alisema. "Harufu yake ilikaa mwilini mwangu mwezi mzima, naoga haitoki. Na wewe, mke wake, umenilisha kaka yangu."

Alikwenda nyuma ya ukuta akatapika mpaka ikawa maji matupu. Mama Jiko alibaki amesimama, sahani mkononi, akirudia, "Supu si nyama, jamani, supu si nyama," na kila aliporudia sauti ilizidi kupungua. Nilimwonea huruma nikamkasirikia papo hapo. Maji yaliyomwagika hayazoleki.

Hakumchukia. Hilo ndilo lililomuua Mama Jiko polepole. Shemeji aliendelea kuja, anasalimia, anauliza habari za watoto. Akipelekewa sahani anasema, "Nimeshiba, shemeji, ahsante." Akapelekewa yai la kuchemsha na ganda lake, ambalo hakuna mkono wa mtu unaoweza kulitia kitu. Nimeshiba. Ndizi, na ganda lake. Nimeshiba, shemeji. Bia peke yake ndiyo aliyoiamini, kwa kuwa aliiona ikitoka tangini. Nikakataa kumuuzia. Akanunua kwingine.

Shemeji alipokuwa wa kitandani tu, Mama Jiko aliomba ruhusa kazini, tukaenda chumbani kwa mgonjwa adhuhuri, mimi nimebeba jiko la makaa. Kila kitu kilikuwa kipya: kisufuria, kijiko, chumvi, maharagwe yaliyolowekwa tangu jana. Mama Jiko aliviosha vyote mbele ya macho ya Shemeji na akavipika mbele ya macho yake, akitaja kila anachotia. Maji haya. Nyanya hii. Chumvi hii. Shemeji alimtazama toka kitandani, mifupa mitupu, tumbo limevimba. Yalipoiva akampakulia.

"Umeona mwenyewe," alisema Mama Jiko.

"Nimeona. Naamini, shemeji. Mdomo ndio hauamini." Akapumzika kidogo. "Kula wewe kwanza, nikutazame."

Mama Jiko akala kijiko kimoja. Shemeji akawa anamtazama. Akala cha pili, akamwangalia, bado anatazama tu. Basi akaendelea, haraka, kama mtu anayeapa, machozi yanadondokea sahani, akamaliza sahani akaingia kwenye kisufuria, anakwangua, ili aone kwamba hakuna kilichofichwa hata chini kabisa. Nilitaka kumzuia nikashindwa. Kisufuria kilikuwa kidogo, cha mgonjwa mmoja.

Shemeji akaramba midomo.

"Yalikuwa safi," alisema. "Nipe kidogo."

Mama Jiko aliinua kisufuria akakiinamisha, tukaona chini kunang'aa. Akasema anapika mengine, sasa hivi, asilale, yanaiva upesi. Hayaivi upesi. Hatukuwa na mengine yaliyolowekwa, nilikimbia dukani nikarudi na makavu, akayatia kwenye maji ya moto hivyo hivyo, akakaa anapuliza makaa na kumsemesha. Shemeji alimjibu mara ya kwanza, na ya pili. Baadaye Mama Jiko akawa anasema peke yake.

Sikuwa na moyo wa kumwambia. Nilimwacha apulize mpaka maharagwe yakaiva.