Ndege wa Dakika ya Nne

Fundi huyu kazi yake ilikuwa kusaga vioo vya miwani. Alikaa chumba cha nyuma cha duka la miwani, mbele ya mashine iliyozunguka tangu asubuhi ikipiga kelele nyembamba ya kuchoma, na kazi hiyo aliifanya miaka thelathini na moja bila mteja hata mmoja kurudi kulalamika. Mwenye duka aliwahi kumletea vizibo vya masikio kwa sababu ya kelele. Akavikataa. Alisema masikio yake ni mali, si ya kuzibwazibwa, akaviweka kwenye droo pamoja na skrubu ndogo. Pale dukani hata mlinzi alikuwa akimsahau jina. Waliomjua walikuwa watu ishirini na mmoja, wengi wao hajapata kuonana nao uso kwa uso, na hao walimwita Sikio.

Watu hao walikuwa na kikundi chao cha simu. Humo hakuna salamu za asubuhi wala picha za maua. Aliyetuma maua aliondolewa siku hiyohiyo. Kulikuwa na jambo moja tu, nalo ni muziki wa klasiki, ule wa piano na violini na selo, unaopakuliwa mtandaoni kwa ubora wa juu kabisa, mafaili mazito ambayo simu ya kawaida ikiyaona inasalimu amri. Walikuwa watu wazima, wenye wake na wajukuu, na waliweza kubishana siku tatu juu ya waya wa spika. Usiwacheke. Kila mtu ana kichaa chake, na chao angalau hakikuwasumbua majirani.

Maduka ya mtandaoni huteremsha bei za rekodi kadhaa kila Alhamisi, na Jumapili punguzo linakwisha. Kwa hiyo kikundi kizima kilikuwa kikimngoja Sikio. Alhamisi anapakua, anasikiliza mara tatu, na Ijumaa kabla ya saa sita mchana anaandika neno moja kwa kila rekodi: Chukua, au Acha. Baada ya neno hilo huja maelezo, na maelezo yake yalikuwa marefu na matamu. Daktari wa meno, mmoja wa wanakikundi, aliandika siku moja kwamba yeye anamwamini mke wake kwa mengi, lakini kwa violini anamwamini Sikio. Fundi aliusoma ujumbe ule akiwa kazini, akausoma tena njiani, na nyumbani akamsomea mkewe. Hiyo ndiyo heshima pekee aliyokuwa nayo duniani, na aliipenda kuliko alivyokuwa tayari kukiri.

Jina lenyewe alilipata kwa sababu ya ndege. Kulikuwa na rekodi moja ya piano na selo, iliyorekodiwa kwenye kanisa la zamani, na wote walikuwa nayo. Katika kipande cha polepole, dakika ya nne, piano inanyamaza, selo inashuka taratibu, na nje ya dirisha la kanisa kuna ndege mdogo analia mara mbili. Hakuna aliyekuwa amemtambua. Miaka kumi na miwili iliyopita fundi akaandika: "Msikilizeni ndege, dakika ya nne na sekunde kumi na moja." Wote wakarudi kusikiliza, na jioni ile ujumbe ulimiminika. Mwalimu mstaafu wa jiografia akaandika kwamba ameimiliki rekodi ile miaka mingi kama kiziwi, na leo amefunguliwa. Tangu hapo fundi akawa Sikio, na neno lake likawa mwisho wa ubishi.

Basi kila Alhamisi saa kumi na moja jioni nyumba yake iliwekwa kimya. Feni inazimwa. Saa ya ukutani inapelekwa chumbani na kufunikwa mto. Bomba la jikoni linafungwa kitambaa lisidondoshe. Mkewe, ambaye alikuwa akishona sare za shule chumba cha pili, anasimamisha cherehani. Mama mkwe, aliyehamia kwao baada ya kuanza kuumwa sukari, anakohoa kabisa mapema ili asije akakohoa baadaye. Na kubwa kuliko yote ni stabilaiza, kile kisanduku cha kulinda friji umeme unapopanda na kushuka. Ilikuwa na mlio mwembamba usiokoma, ngiii, na fundi alisema mlio ule unamkwaruzia violini yake yote. Kuchomoa stabilaiza, friji nalo likazimika, na kuirudisha ilikuwa kazi ya mkewe. Akishachomoa anapita sebuleni na kusema, "Tayari," na fundi anakaa kwenye kiti chake, anafumba macho.

Alhamisi moja punguzo likaja la ajabu: rekodi ileile ya kanisani, imeandaliwa upya kutoka kwenye kanda ya asili, ubora wa juu kuliko wa mwanzo, na bei nusu. Kikundi kikachangamka kama watu waliotangaziwa harusi. Fundi akapakua. Mkewe akasema tayari. Akafumba macho, piano ikanyamaza, selo ikashuka, dakika ya nne ikafika, ikapita. Akarudisha nyuma. Akarudisha tena. Mara ya sita akafumbua macho, akamwambia mkewe kwa sauti ya mtu aliyeibiwa, "Wamemfuta."

"Wamemfuta nani?"

"Ndege wangu."

Ijumaa saa nne asubuhi akaandika: "Acha. Rekodi wameisafisha mpaka wameiua. Ndege wamemfuta." Hasira iliyofuata si ya kusimulia. Hakuna aliyenunua. Mwalimu mstaafu akaliandikia duka barua ya kurasa mbili, yenye vifungu, akitaka ndege arudishwe. Duka likajibu kwa adabu kwamba hakuna kilichofutwa, kanda ni ileile. Mwalimu akalibandika jibu lile kwenye kikundi na kuandika chini yake, "Waongo." Fundi wa lifti, mwanakikundi mwingine, akashauri ushahidi: Sikio akate kipande cha rekodi ya zamani chenye ndege, akiweke pembeni ya kile kipya kisicho na ndege, duka liaibike.

Fundi akaona ni wazo zuri. Jumamosi akafungua rekodi yake ya zamani, ile ya miaka kumi na miwili. Dakika ya nne ikafika. Ndege hayupo.

Akabadilisha waya. Akabadilisha spika, akavaa hedfoni, akafuta vumbi. Alisaka kosa kwenye kila kitu kilichokuwa na plagi. Mwisho akakaa, mikono magotini, maana kilichobaki ambacho hakuwa amekikagua kilikuwa kimoja tu.

"Mama watoto," akaita. "Hebu njoo ukae hapa."

Mkewe akaja na futi ya kushonea shingoni. Miaka yote hiyo hakuwahi kukalia kiti kile. Akavalishwa hedfoni, fundi akabonyeza, akamwangalia usoni kama anayesubiri majibu ya hospitali. Dakika ya nne ilipofika mkewe akatabasamu kidogo.

"Kandege haka hapa," akasema. "Kanalia mara mbili. Si ndiye uliyekuwa unamtafuta?"

"Rekodi mpya sasa," akasema fundi. Akambadilishia.

"Na humu kapo. Tena humu kanasikika vizuri zaidi."

Fundi akakaa kwenye zulia. Akauliza jambo ambalo mkewe alikuwa akiliogopa.

"Alhamisi, ile stabilaiza uliizima?"

Mkewe akavua hedfoni, akaziweka mapajani. "Sikuizima, mume wangu. Tangu mama aanze sindano zake. Muuguzi alisema dawa haitaki friji la kuzimwazimwa. Ile wiki ya kwanza nilikuja kukwambia, nikakukuta umeshafumba macho, unasema leo kimya kimetulia kama maji mtungini. Nikaona basi."

"Miezi mingapi hiyo?"

"Saba."

"Na mlio wake?"

"Unalia hata sasa hivi. Mama analalamika kila siku kwamba unamtoboa."

Mama mkwe, chumbani, alithibitisha kwa sauti kwamba unamtoboa. Fundi akageuza kichwa kuelekea jikoni, akatega sikio. Kulikuwa kimya kabisa. Akaumia kuliko alivyoumia siku alipomzika baba yake, na akaona haya kwamba imekuwa hivyo. Akaikumbuka mashine ya kusaga vioo na vile vizibo ndani ya droo. Akakumbuka pia kwamba mwaka mzima alikuwa akiwaambia wanawake na watoto watamke vizuri, watu wa siku hizi wanamumunya maneno.

Angeweza kunyamaza. Mkewe alimwambia hivyo: nani atajua? Lakini duka limetukanwa, na watu ishirini na mmoja wameacha rekodi nzuri kwa neno lake, na punguzo linakwisha kesho. Akaandika kwa kidole kizito: "Ndugu zangu, naomba radhi. Ndege yupo, rekodi zote mbili. Masikio yangu ndiyo hayapo. Miezi saba stabilaiza ya friji imekuwa ikilia nyumbani kwangu wakati nasikiliza, nami sikuisikia. Mapendekezo yangu ya miezi hiyo msiyahesabu. Chukueni."

Akaweka simu kifudifudi, akangoja kuvuliwa jina.

Wa kwanza kujibu alikuwa fundi wa lifti. "Stabilaiza ya aina gani?"

Wa pili akaandika kwamba sasa anaelewa, kwa sababu mapendekezo ya miezi saba hii yamekuwa bora kuliko yote, yeye aliiona tofauti lakini hakujua inatoka wapi. Wa tatu akauliza ni ya wati ngapi, na inakaa umbali gani kutoka kwenye spika. Kufika adhuhuri ya Jumapili mwalimu mstaafu alikuwa ameunganisha amplifaya yake kwenye stabilaiza ya friji lake, akatangaza kwamba piano imesogea mbele hatua nzima. Wawili wakathibitisha. Mmoja akasema kwake imesogea hatua moja na nusu, lakini friji lake ni kubwa.

Fundi hakuwa mtu wa hasira, ila siku ile alipandwa nazo. Unajiweka uchi mbele ya watu, nao wanakuuliza ulikonunua shati. Akaandika: "Acheni upuuzi. Hakuna habari ya stabilaiza. Mimi sisikii. Ni kiziwi nusu. Tafuteni mwingine." Kikundi kikanyamaza, na kwa kikundi kile kunyamaza lilikuwa jambo jipya.

Jioni simu ikaita. Alikuwa daktari wa meno, na hawakuwahi kuzungumza kwa sauti hata siku moja.

"Sikio," akasema daktari, "zungumza kwa nguvu kidogo, sikupati vizuri."

"Nimesema shikamoo, daktari."

"Marahaba. Nina neno. Yule ndege, ulipomtaja mara ya kwanza."

"Ndiyo."

"Mimi sikumsikia. Mashine ya meno, miaka ishirini na ushee. Niliandika kwamba nimemsikia kwa sababu wote walikuwa wameandika."

Fundi akahesabu kichwani. "Miaka kumi na miwili umekaa na hilo?"

"Nimekaa nalo. Na mwalimu ana kifaa cha kusikilia, mimi ndiye niliyempeleka kununua. Wengine sijawauliza, mtu huwezi kuulizauliza."

"Sasa mlikuwa mnanunua kwa nini, kama hamsikii?"

Daktari akafikiri. "Wewe ulikuwa unaandika kilichomo," akasema. "Nayasoma maelezo yako Ijumaa, halafu Jumapili nafungua rekodi, nakaa nayo, najua kwamba hapa kuna mtu amegeuza karatasi, hapa kuna ndege. Mimi inanitosha. Lakini lazima awepo aliyesikia kweli, Sikio. Ukitunga nitajua. Sijui nitajuaje, ila nitajua."

Wakaagana. Fundi alikaa na simu mkononi, akajisikia vibaya na vizuri kwa pamoja, na hakuweza kusema lipi limezidi.

Jumatatu alifungua droo kazini, akatoa vizibo kati ya skrubu, akavivaa. Vilikuwa vimechelewa miaka thelathini, lakini alivivaa.

Alhamisi iliyofuata, saa kumi na moja jioni, feni ilizimwa, saa ikaenda chini ya mto, bomba likafungwa kitambaa. Dawa ya mama mkwe ilipelekwa friji la jirani kwa saa mbili. Mkewe akaja sebuleni akipangusa mikono, akasimama mbele ya kile kiti, akasita.

"Mimi sina maneno yenu yale," akasema.

"Sema utakachosikia tu. Mengine nitaandika."

"Na nikikosea?"

"Nani atajua?" akasema fundi, na mkewe akacheka.

Akakaa. Fundi akavuta stuli, kalamu mkononi, daftari juu ya goti. Mkewe akafumba macho alivyozoea kumwona yeye akifumba, halafu akayafumbua.

"Kwanza kazime kile kidude chako. Siwezi kusikia kitu na kelele ile."

Fundi akainuka, akaenda jikoni, akainama nyuma ya friji na kuchomoa plagi ya stabilaiza. Akabaki amesimama nayo mkononi, akisikiliza. Hakuona tofauti yoyote.

"Kimenyamaza?" akauliza kutoka kule.

"Kimenyamaza," akajibu mkewe. "Njoo uandike."