Ndege Iko Njiani

Juzi nilipanga foleni katika ofisi moja ya serikali hapa mjini. Mbele yangu alisimama mzee mmoja, papa kama tunavyowaita wazee huku, kofia nyeupe ya jeshi la maji kichwani. Alikuja kuomba jumba la zamani la wanajeshi wenzake pale mtaani Simi-Simi ligeuzwe makumbusho ya kikosi chake, kilichofundisha marubani wa jeshi hilo.

"Ndege yenu ilikuwa ya namna gani, papa?" karani akauliza bila kuinua macho.

"Ya kutua juu ya maji. Ilikuwa njiani."

"Alors, mulijifunza mu nini?"

"Mu pirogi, mutumbwi ya wavuvi. Tulifunga mbao mbili sawa mabawa, na moteri tulifanya na kinywa." Akatanua mikono, akaegemea kushoto, akanguruma. Foleni nzima ikampisha akate kona. "Wote walipata diplome. Na hakuna hata mumoja alianguka."

Rekodi hiyo hakuna jeshi la anga duniani litakaloifikia.

Karani akagonga muhuri. "Bon, papa. Tutafungua makumbusho siku ndege itafika."

Mzee akapiga saluti, akaenda kukaa benchini, ameridhika kabisa. Nilikuwa bado namcheka moyoni zamu yangu ilipofika. Nilikuja kuulizia nguzo za umeme za mtaa wetu, tulizoahidiwa binti yangu akiwa mgongoni mwa mama yake. Sasa ameolewa.

"Nguzo iko njiani," karani akasema.

Yule papa akasogea, akapigapiga benchi kwa kiganja.

"Kuya ukae, mwana yangu. Mu kikosi yetu nafasi iko."