Nilirekodi mikutano kumi na moja, na sina hata wimbo mmoja wa Shadrack

Wakuu, niaje. Hii sijaitia chumvi popote. Natamani hata ingekuwa uongo.

Mimi ni mtu wa mtaa wa Tena, hapa Nairobi. Nasoma masters, na thesis yangu ni ya social movements, yaani harakati za wananchi. Nikachagua majirani zetu wa mtaa wa Umoja waliokuwa wanapigania uwanja wa watoto usijengwe flats.

Walikuwa wanakutana hapo uwanjani kila Jumamosi mchana, na desturi yao ilikuwa moja: hakuna kuongea kabla ya kuimba. Shadrack, fundi wa viatu, ndiye alikuwa anaanzisha. Nyimbo za kanisani, za Kikamba, za Kiluhya, anabadilisha maneno yanakuwa ya uwanja, watu wanaitikia. Nusu saa nzima!

Mimi hapo nilikuwa nachezea simu. Kwangu hiyo ilikuwa culture tu, mapambo. Nilitaka data: kiongozi ni nani, madai ni gani, strategy iko wapi. Wakishakaa chini ndio nabonyeza record. Tena nikajiona mjanja, nasave space ya simu.

Ujinga mtupu.

Shadrack akaugua mapafu. Alilazwa Jumanne, kufika Ijumaa hatuko naye.

Nikaenda matanga. Mamake akaniita kando. Alikuwa ameambiwa mimi ndiye nilikuwa narekodi mikutano. Yeye Jumamosi huwa kazini, hakuwahi kufika hata mmoja.

"Niwekee pale anaimba, mwanangu."

Nikafungua ya kwanza. Viti vinaburutwa, mtu anakohoa, halafu mimi nauliza kuhusu madai. Ya pili, hivyo hivyo. Wakuu, nilizifungua zote kumi na moja mbele ya huyo mama nikijua kabisa hakuna kitu. Niliogopa kumwambia ukweli.

Mwishowe nikamwekea interview, Shadrack akinieleza kamati yao ina watu wangapi. Alisikiliza mpaka mwisho, akanirudishia simu.

"Asante. Lakini hapa anajibu maswali yako."

Hakuwa na hasira. Afadhali angenitukana.

Jumamosi baada ya mazishi nilirudi uwanjani. Watu walikuja wengi, wakasimama, wakangoja. Hakuna aliyeanzisha. Katibu akasoma agenda, wengine wakaanza kuondoka polepole. Wiki mbili baadaye nilihesabu watu saba. Kamati ni ileile, madai ni yaleyale. Kilichokuwa kinawaleta pale ni kile nilichokuwa nakiruka kila wiki.

Nimeanza thesis upya, lakini hiyo ni shida yangu ndogo.

Mnaosoma haya mambo, msingoje watu wamalize kuimba ndio muanze kazi. Kama nawe umewahi kukosea hivi, tuambie hapo chini. Na kama ulipita ule uwanja Jumamosi yoyote ukachukua clip, hata ya sekunde kumi, Shadrack akiimba, tafadhali nitumie. Mamake alinipigia jana tena, akauliza kama nimepata.