Pikapu Iliyoinuliwa Shelui

Jumamosi, nikisubiri basi Shelui, nilisimama gereji kutazama pikapu kuukuu ikishushwa kwenye jeki. Fundi alikuwa ameifungia springi nene na shokapu ndefu, na sasa ilikuwa juu kwa kiasi cha kiganja kizima.

“Mama, korongo halitusimamishi tena hata likijaa maji,” mwenye gari alimwambia mama yake.

Mama alishika mlango, akapima kimo kwa macho. “Marehemu baba yako alikuwa anasubiri maji yapungue.”

“Nusu siku, mama!”

“Ndiyo. Tulikuwa tunachoma mahindi, tunasalimiana na wa ng’ambo kwa kupaza sauti. Huyo mkeo tulimwona wapi kama si pale?”

Fundi alicheka mpaka spana ikamponyoka. Kijana akaleta kigoda, mama akapanda.

Mimi nami nilikulia kwenye kingo za korongo kama hilo, nikinung’unika kwamba tunachelewa. Siku hizi napita lami tupu na bado nachelewa, tena bila hata hindi la kuchoma.

Gari lilipowaka, nilimsikia mama: “Ukifika korongoni simama kidogo, hata kama ni pakavu.”

“Tukafanye nini pale?”

“Tukae.”