Siku ya kukimbia nilikuwa naruka dawa ya kolesteroli

Wakuu, mko salama? Naandika nikiwa nimesimama maana kukaa kumenishinda wiki hizi kwa wasiwasi. Haya yamenipata mimi mwenyewe, chumvi sijaongeza.

Mimi ni mkulima wa majani chai huku Ekerenyo, miaka 51. Baba yangu alianguka shambani na kikapu mgongoni. Moyo. Umri wangu huu hakuufikia. Kwa hivyo vipimo viliposema kolesteroli yangu iko juu, usingizi ulinihama.

Daktari akanipa tembe, moja kila jioni, na akaniambia nifanye mazoezi.

Sasa sikieni akili ya mkulima. Majani chai huchuni shamba lote kila siku. Unachuna upande huu, ule mwingine unapumzika. Nikaupangia mwili hivyo hivyo. Leo nakimbia mlima, tembe inapumzika. Kesho nameza tembe, miguu inapumzika. Sabato vyote vinapumzika! (Chekeni tu, mimi niliona nimemzidi daktari maarifa.)

Miezi mitatu. Tumbo likapungua, nikaanza kuringa sokoni. Lakini roho haikutulia. Moyo ukidunda kidogo tu, mkono uko kifuani.

Tukarudi kliniki Kisii na mke wangu, Mama Moraa. Kolesteroli imeshuka kiduchu tu. Daktari akauliza kama nameza kila siku. Nikajibu ndiyo, tena haraka.

Mama Moraa akafungua mkoba, akamwaga tembe zilizobaki mezani. Nyingi.

"Daktari, huyu anakimbia juu ya kuogopa kufa, na dawa anawacha kwa kabati. Baba Moraa, mimi sikuolewa na mkimbiaji. Nataka mtu wa kuzeeka na yeye."

Niliona haya mpaka masikio yakawaka.

Daktari akaeleza kwamba dawa na mazoezi vinasaidiana, haviachiani zamu. Misuli ikiuma isivyo kawaida au mkojo ukiwa mweusi, nirudi upesi, nisijikatie dawa mwenyewe.

Sasa nafuata vyote. Hofu haijaisha, siwadanganyi, vipimo vingine ni mwezi ujao.

Funzo langu ni hili: usijitungie dozi, muulize aliyekupa. Na usimfiche wa nyumbani. Kumbe Mama Moraa alikuwa akizihesabu zile tembe kila asubuhi, akingoja niseme mwenyewe. Nilidhani naogopa peke yangu.

Nani mwingine hapa amemdanganya daktari mke akisikia? Jitokezeni, msiniache na hii aibu.