Chuchu ya Ndama

Kwa akina Bayingana, huko Burungu, ng'ombe hukamuliwa chuchu tatu tu. Ya nne ni ya ndama, na haiguswi hata aje mgeni wa namna gani. Mama Mukantabana, aliyekamua tangu hajaolewa, huiruka chuchu ile kana kwamba haipo. Wachuuzi wa Kitchanga wamembembeleza miaka na miaka, wengine wakamwita bahili mbele ya watoto wake. Jibu lake ni lilelile: "Ile iko ya mutoto."

Wala si huruma peke yake. Ng'ombe wa kule akikosa ndama wa kuyaita maziwa, huyafunga. Mwaka mmoja mumewe aliona aibu mbele ya wageni wa harusi, akakamua zote nne, siku baada ya siku, mpaka sherehe ikaisha. Ndama akadhoofu, akafa, na mama yake akagoma kutoa hata tone. Wageni walikuwa wamekwenda zao na matumbo yao. Mtoto wao Noël, ambaye wakati huo alikuwa mdogo, alikunywa chai isiyo na maziwa msimu mzima, na hakusahau.

Noël akakua, akasoma, akawa rubani. Anayedhani rubani ni mtu wa miwani ya jua na hoteli za kifahari hajaiona kazi yake. Ndege ilikuwa ya injini moja, abiria wakikaa bega kwa bega na magunia ya sukari na pengine mbuzi aliyefungwa miguu. Alikuwa akiirusha kati ya Goma na Pinga, miaka ile uwanja wa Goma ulipokuwa bado wazi. Kwenda Pinga kwa pikipiki ni kuogelea matope, kwa hiyo mgonjwa mahututi hakuwa na njia nyingine ila ya juu.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo ugomvi ulipoanzia. Pinga hakuna mafuta ya ndege. Yote unayabeba kutoka Goma: ya kwenda, ya kurudi, halafu yale ya tatu. Ukirudi ukaikuta Goma imefunikwa na mvua, huwezi kusimama hewani ukangoja ipite. Inabidi uendelee mpaka Bukavu, na kutoka Goma mpaka Bukavu chini yako ni ziwa Kivu, maji matupu, njia nzima. Kwa hiyo unabeba ya kuvuka ziwa, na juu yake kidogo tena kwa ajili ya upepo. Lakini mafuta ni mazito, na kila unapoongeza mafuta kuna gunia linaloachwa chini.

Na magunia yalikuwa ya Jean-Claude, mwenye ndege.

"Noël, ile mafuta ya kutembea bure unabebea nani?" alikuwa akimuuliza karibu kila asubuhi.

"Patron, mvua ikifunga Goma, tutashukia wapi?"

"Mvua, mvua! Kila siku unaibeba, kila siku unairudisha. Umeisha kuitumia siku gani?"

Hebu itazame akili hiyo! Mtu anauza mwavuli wake kwa sababu leo hakulowa. Na mtu huyo ndiye mwenye gari, mwenye ghorofa, ndiye anayekaribishwa kiti cha mbele kanisani.

Asubuhi moja ya mwezi wa kumi, mawingu yakiwa yameshaketi juu ya volkano, Noël alitumbukiza kijiti chake cha kupimia kwenye tangi, akakitoa, akakitumbukiza tena. Mafuta yalikuwa yamepunguzwa. Nyuma ya viti, sukari ilikuwa imepangwa mpaka darini. Jean-Claude hakujificha wala hakuona haya. Alisema yeye ndiye aliyeagiza.

"Basi mimi sirushi," Noël akasema.

"Basi shuka. Marubani ni wengi."

Kweli walikuwa wengi. Fiston alikuwepo palepale, kijana aliyesota muda mrefu bila kazi na mkewe ametoka kujifungua. Noël alimvuta kando.

"Kaka, usiende. Hii iko ya kwenda na kurudi tu. Ya ziwa haiko."

"Kaka Noël, nikikataa ataita mwingine. Na kule kuko mugonjwa ananingojea. Mungu atasaidia."

Mimi simlaumu Fiston. Mwenye njaa hukabidhiwa kisu kwa makali, naye hushika. Ninayemlaumu ni aliyemkabidhi.

Mgonjwa aliyekuwa akingoja Pinga aliitwa Hélène, mwalimu wa shule ya msingi, tumbo limevimba na linahitaji kupasuliwa upesi. Wanafunzi wake walimsindikiza mpaka uwanjani wakiimba, wakamfunga vizuri kwenye machela asiumie ndege ikiyumba. Fiston akashusha sukari, akampakia, akarudi. Juu ya Goma akakuta ukuta wa mvua. Akazunguka, akazunguka, akitumaini tundu litafunguka, huku akila mafuta aliyokuwa nayo. Mwisho akageukia ziwa. Karibu na Kirotshe injini ikakohoa, ikanyamaza.

Aliilaza ndege juu ya maji kwa ustadi ambao sijui angeweza nani mwingine. Wavuvi wa Kirotshe wakapiga makasia mpaka mikono ikachubuka. Walimtoa Fiston amevunjika mkono, wakawatoa na abiria wengine. Hélène, aliyefungwa kwenye machela yake kwa upendo, hawakumfikia.

Kwenye kilio cha Hélène, Jean-Claude alifika na suti nyeusi, mchele na turubai. Akapewa kipaza sauti. "Bandugu," akasema, "ajali haina kinga. Ni Mungu, yeye njo alipenda."

Noël alisimama katikati ya watu. "Usimusingizie Mungu, Patron! Mungu hakuondosha mafuta mu tangi. Kinga ilikuwako. Weye njo uliiondosha, ukaweka sukari!"

Watu wakamvuta shati. Nyamaza, Papa, kilioni hawasemi hivyo. Jean-Claude akapewa maji ya kunywa, maskini, kwa kuwa ameudhiwa. Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo: aliyesema kweli aliketishwa chini, na aliyeua akapepewa.

Noël akarudi Burungu kuchunga ng'ombe wa mama yake. Miezi ikapita. Jean-Claude akapata ndege nyingine, lakini safari hii marubani hawakuwa wengi, maana habari ya Kirotshe ilikuwa imemtangulia kila mahali. Jioni moja akapanda kilima kwa pikipiki, ana matope mpaka magotini, kitenge cha zawadi mkononi. Mama Mukantabana alimpa kiti na kikombe, kama desturi inavyotaka, maana mgeni hapo hunywa maziwa. Ila maziwa ya jioni hiyo yalikuwa yameshachukuliwa na mchuuzi.

"Noël, rudia kazi," Jean-Claude akaanza. "Tutasikilizana. Ile mafuta ya kutembea bure, tutabeba nusu."

Nusu! Nusu ya ziwa! Noël akainuka, akarudi kwa ng'ombe.

Mgeni akageukia zizi, akamwona ng'ombe mmoja na chuchu iliyojaa, ndama amefungwa kando analia. "Mama, kumbe maziwa ingaliko. Kidogo tu. Ndama itangoja."

Mama Mukantabana aliinuka taratibu, akamfungua ndama. Ndama akakimbia moja kwa moja chini ya mama yake.

"Samahani, Papa Patron," akasema kwa upole wake uleule. "Hii njo ile yenye kutembea bure. Kwetu hatuigawanyake nusu."

Hakuna aliyemwambia aondoke. Jean-Claude aliketi pale na kikombe kitupu mkononi, mpaka ndama akashiba.